Usicheke, Tazama Hapa

Siku sita za juma napiga nyuso za watu
pale Igogo, kwenye kibanda cha mabati,
mbele ya shuka la buluu lililopauka:
inua kidevu, vua kofia, usicheke, tazama hapa.
Nyuso za benki, za bima, za vyeti vya shule.
Jumapili hii nimelikunja shuka, nimelitia kwapani,
nikaenda Nyakato, nyuma ya kinu cha pamba kilichofungwa,
mahali magari yanapolala bila wa kuyaamsha.

Mlinzi anaitwa Lushinge.
Akaniuliza, "Umetumwa na mnunuzi?"
Maana Jumatano inakuja mizani
na vijana wenye mitungi ya gesi:
chuma kwa kilo, shaba kwa kilo, vioo bure.
Nikasema hapana, nataka picha tu.
Akacheka hadi akakohoa.
"Haya, wapige. Hakuna atakayefumba macho."

Kweli, hakuna aliyefumba.
Pijo mia tano na nne, taa moja imeng'oka,
waya unaning'inia kama uzi wa kifungo kilichopotea.
Ndani, kuku analalia mayai kwenye kiti cha abiria;
alinitazama kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.
Landirova ya mradi: maandishi yamechubuka mlangoni,
limebaki neno "maji" na nusu ya mikono iliyoshikana.
Datsun pikapu iliyobeba maharusi, au jeneza, au vyote,
nani ajuaye; kutu haisemi ilianzia wapi.
Wadudu wa ziwani walipita usiku, wingu zima,
wakafia juu ya dashibodi.
Niliwafuta kwa kiganja, kisha nikajuta:
ndicho kitu pekee kipya kilichokuwa mle.

Natundika shuka nyuma ya kila moja.
Upepo wa ziwa unalijaza, unalitupa.
Pembe moja nimeikandamiza kwa jiwe
(Mwanza hukosi jiwe),
pembe ya pili anaishika Lushinge mwenyewe,
mkono umenyooka, uso ameuficha,
kama mama anayeshikilia mtoto mchanga apigwe picha.

La mwisho ni Bedford.
Halina tairi, halina injini, halina milango.
Kwenye bodi, katika ufa wa mbao,
mbegu ya pamba iliyosahauliwa imeota,
imepasua vitumba viwili vyeupe
bila chama cha ushirika, bila kungoja bei ya msimu.
Na chini, nyuma ya ringi ya kulia,
kuna gogo la mvule, limelainishwa na viganja.

"Hili la nini? Hapa pana tairi gani la kuteleza?"
Akakuna shingo. "Nilikuwa utingo wake.
Miaka kumi na mmoja. Pale Sekenke,
lori likianza kurudi nyuma, mimi naruka na gogo.
Dereva, marehemu Luhumbika, hakuwa akitazama kioo.
Alikuwa akisikiliza miguu yangu."
"Na sasa?"
"Sasa nini? Hakuna aliyeniambia niliondoe."

Nikamwambia kaa kwenye usukani, nikupige.
Akakataa kama mtu aliyetandikiwa kitanda cha mkwe.
Akazunguka nyuma, akapanda bodini polepole,
akasimama kando ya mpamba ule,
mkono mmoja juu ya ubao, goti limekunjwa,
tayari.

Nilisahau kumwambia asicheke.
Hakucheka.

Jumatano sikwenda. Nilikuwa na watoto arobaini
wa darasa la saba, kila mmoja na kola ya kuazima.
Picha nimeisafisha leo.
Kiti cha dereva kimetoka kitupu, kimejaa mwanga.
Lushinge yuko nyuma, yu wazi kabisa,
isipokuwa mguu mmoja, umefifia, hauna ukingo:
ulikuwa umeshaanza kuruka.